Masizi Shavuni mwa Mbeyu

Mimi picha nizijuazo ni za harusi, za Idi na za pasipoti. Mwanamke kwenda studio na tumbo lake mbele, tena kwa hiari yake, hilo nimeliona kwa Mbeyu, na siku aliponiambia nilidhani joto la Februari limempanda kichwani.

Nyumba yetu ya Kibokoni nimeachiwa na marehemu babangu, na vyumba vya chini huvipangisha. Mwaka wa tisini na nne chumba cha uani alikaa Mbeyu na mumewe Charo, Wagiriama wa Kaloleni. Charo alikuwa kuli gatini Mbaraki, kijana mrefu, mpole, ukimwambia neno hujibu "ndiyo, Bi" hata kama hakukusikia. Mbeyu alikuwa akifagia na kupika chai katika ofisi moja ya mizigo huko huko Mbaraki. Walikuwa na mtoto mmoja, Baya, wa miaka miwili, na huyo mmoja alitosha kuwa watano. Ukisikia sufuria imeanguka, ni Baya. Ukisikia kuku analia, ni Baya. Ukisikia kimya, inuka haraka ukatazame.

Mbeyu mwenyewe hakuwa msemaji. Jua likitoka amekwisha teka maji, amefua, amefagia uani hata upande wangu, ambao si wake, na ukimshukuru huinamisha kichwa tu. Wapangaji nimewaona wengi, wallahi, wenye maneno na wenye matusi, lakini huyu nilimpenda kwa sababu kitu akikishika hukimaliza. Majirani walisema anaringa. Haringi, ni mtu aliyekua akiogopa kusumbua watu. Mamake, Nyevu, alifariki akimzaa mdogo wake Mbeyu, na kile kitoto nacho hakikupona. Wakati huo Mbeyu alikuwa kiasi cha Baya. Akachukuliwa na dada mkubwa wa mamake, Jumwa, akalelewa naye mpaka alipokuja mjini kutafuta kazi. Hayo aliniambia siku moja tukichambua mchele, kwa sauti ile ile ya kusema mchele una mawe.

Basi jioni moja akaja barazani kwangu, mimba imekwisha kuwa kubwa, ameshika kitambaa cha buluu chenye maua meupe.

"Msalkheri, Bi Mwanamkuu."

"Msalkheri, mwanangu. Kaa, usisimame na mzigo huo."

Hakukaa. "Naomba unishonee gauni."

"La arubaini?"

"La kupigia picha. Mimi na Baya. Kabla sijajifungua."

Nikavaa miwani nimtazame vizuri. "Kabla? Hebu subiri uzae, upungue, umpakate mwanao upendeze. Sasa hivi utapiga picha ya nini, ya mtungi?"

Akacheka kidogo. "Ya mtungi, Bi."

"Kwa nini lakini?"

"Nataka tu."

Mtu asiyeomba kitu, siku akiomba huna pa kupitia. Nikamzungushia utepe wa kupimia, nao nusura usitoshe. Nikaamua nitalikata lipwaye, marinda yaanzie chini ya kifua, na mabaki yake yatoke shati la Baya lenye ukosi. Mimi nikishakaa mbele ya cherehani sijui kufanya jambo nusu nusu.

Siku chache baadaye Jumwa akashuka kutoka Kaloleni na kikapu chake na kuku wawili, kuja kungojea uzazi wa mwanawe, kama ilivyo ada. Mwanamke mfupi, mkavu, macho yake yanakukagua kabla hajakuamkia. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za nyumbani na za mvua. Kisha akaliona gauni linaning'inia mlangoni kwangu, akauliza ni la nini. Alipoambiwa, amani ikaisha.

"Mimba haipigwi picha," akasema. "Mtoto hajafika duniani, nyinyi mwamtangaza. Mwajua nani atakayeitazama picha hiyo? Mwajua ana jicho gani?"

Hapo moyoni nilimuunga mkono kidogo, maana jicho lipo, na anayebisha halijampata. Lakini gauni lilikuwa limebaki pindo tu, na kazi yangu haitupwi.

"Tena na huyu Baya alivyokonda," akaendelea. "Watu watamwona na tumbo hilo ubavuni mwake, waseme mamake amembemenda, hakungoja mtoto apate nguvu ndipo abebe mimba nyingine."

"Baya hakukonda," nikasema. "Baya hatulii. Angekuwa anakaa chini angekuwa na mashavu kama wenziwe."

Mbeyu alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Mkono ukasimama.

"Mama Mkubwa," akasema, "mamangu alikuwa na uso wa namna gani?"

Jumwa akamgeukia. "Alikuwa mzuri."

"Ndivyo unavyonijibu siku zote. Mjomba aliniambia alikuwa mweupe. Shangazi akaniambia alikuwa mweusi kama chungu. Wewe wasema mzuri. Mzuri ni uso gani, Mama Mkubwa? Nikifumba macho nione nini?" Sauti ilikuwa ikipanda, nami tangu aijue nyumba yangu sikupata kumsikia akipandisha sauti. "Baya ana umri niliokuwa nao mimi. Likinifika lililomfika mamangu, yeye atanitafuta wapi? Akaulize majirani?"

"Astaghfirullah!" nikaropoka. "Mbeyu, hayo hayatamkwi."

"Najua hayatamkwi, Bi. Ndiyo maana nilikwambia nataka tu."

Wiki nzima nimekuwa nikimtania habari za mtungi, kumbe mwenzangu ana hofu ya kufa. Nikamtazama Jumwa, nikangoja aseme neno, mzazi amtulize mwanawe. Aliinama akaokota kifuu cha nazi, akaingia jikoni. Nilimkasirikia, sisemi uongo. Mtoto akuulize uso wa mamake, nawe ukatazame chungu? Jioni Charo alininong'oneza kwamba Jumwa ndiye aliyekuwa na Nyevu siku ile, na tangu hapo jina hilo halitamki. Nikapunguza hasira, lakini sikuimaliza.

Tangu siku ile hakuna aliyeipinga picha tena. Kazi ikabaki kwa Baya. Tulitaka azoee kukaa kitako akitazama mbele, basi. Nilimweka juu ya kigoda, na Charo akitoka kazini husimama mbele yake na kopo tupu la mafuta ya kupikia, amelishika kama kamera.

"Baya! Tazama hapa! Baba anapiga picha!"

Baya hutazama, hushuka, hulichukua kopo. Ikawa kila siku ni Charo anayekaa kigodani, na Baya ndiye fundi. Viatu navyo vilikuwa mtihani. Kila ukimvisha viwili utamkuta na kimoja, na cha pili kimo ndani ya ndoo, au kimepewa kuku. Mbeyu alikuwa akicheka mpaka anajishika kiuno, na mimi nilifurahi kuona anacheka.

Jumwa hakucheka wala hakununa. Alikuwa akikaa mlangoni mwa jikoni na ungo wake, akimtazama Mbeyu usoni. Si mara moja nilimfuma. Alimtazama kama mtu anayekumbuka kuwa kuna kitu alikiweka mahali, hakioni.

Jumamosi ya picha Charo alizuiwa kazini, meli ilikuwa inapakuliwa, kwa hiyo tulibaki wanawake. Nilikuwa nimekwisha msuka Mbeyu mistari ya kwenda nyuma, nikampaka wanja mwembamba. Mbeyu ni maji ya kunde, na ile buluu ilimkaa, mashallah. Baya akaogeshwa, akapakwa mafuta, akavishwa shati lake jipya. Nageuka nichukue buibui langu, nageuka tena, Baya ana doa jeusi katikati ya paji la uso, pana kama senti. Jumwa alikuwa amefuta masizi chini ya sufuria, akayachanganya na mafuta.

"Bi Jumwa!" nikasema. "Tunampeleka studio, hatumpeleki shamba!"

"Masizi ni kinga ya jicho. Aende bila kinga?"

Nikalifuta. Akalirudisha. Nikalifuta. Baya katikati yetu anadhani ni mchezo, anatuletea uso mwenyewe. Mwisho nikamwambia, "Sikiza. Sisi huku watoto twawapaka unyayoni. Jicho linazuilika, na uso unabaki uso." Akafikiri, akakubali. Tukampaka Baya unyayo wa kulia, tukamvisha kiatu juu yake, mambo yakaisha kwa amani. Masizi yaliyobaki Jumwa aliyafunga kwenye pindo la leso yake. Niliona, lakini sikuuliza.

Sasa nafunga buibui, nasikia kimya. Natoka nje, namkuta Baya kwenye baraza ya jirani yetu Mama Emmah, amepewa mabuyu, mdomo wote mwekundu, kidevu chekundu, na shati langu lenye ukosi lina mito miwili ya rangi mpaka kitovuni.

"Alinitazama kwa huruma," Mama Emmah akajitetea.

"Huyu? Huyu huruma aliipata wapi?"

Mbeyu akaketi kwenye ngazi. Machozi yalikuwa yamemlenga, na mimi sikutaka wanja umwagike, kwa hiyo nikajifanya jambo ni dogo. Nilimvua Baya shati, nikamvisha nyuma mbele, vifungo vikawa mgongoni. Ukosi ulimkaba kidogo, lakini mbele palikuwa safi. Midomo tuliisugua kwa ndimu na kwa mafuta ya nazi, ikakataa. Akaenda studio na midomo ya bibi harusi.

Studio ya Fundi Kavumbi ilikuwa Ndia Kuu, chumba kirefu chenye giza, mwisho wake pazia lililochorwa mlima wa theluji na mabata meupe majini. Mbeyu akaketishwa kwenye kiti, ubavu upande wa kamera, uso mbele. Baya akasimamishwa juu ya kigoda kando yake. Taa zikawashwa, na feni ikazimwa isije ikapeperusha pazia. Mara Baya akaziona zile taa zenye miavuli, akapiga ukelele uliosikika, nina hakika, mpaka Forodhani.

Fundi Kavumbi akatikisa funguo. Akalia kama paka. Akalia kama mbuzi. Baya akazidi. Jasho lilimtoka Mbeyu, akawa anamshika mtoto kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono mwingine, na nilijua anachowaza: isipopigwa leo, haitapigwa tena, maana ofisini walikuwa wamempa likizo kuanzia siku hiyo na tumbo lilikuwa limeshuka.

Ndipo Jumwa akaanza kuimba. Sauti ya chini, wimbo wa kwao wa kubembeleza, sikuyaelewa maneno yote. Baya akakata kilio katikati. Akajikunyata, akalaza kichwa juu ya tumbo la mamake, akatulia macho wazi. Jumwa akasogea huku anaimba. Akalifungua lile pindo la leso, akachovya kidole gumba, akamshika Mbeyu kidevu.

"Una jasho," akamwambia, na akambonyeza chini ya jicho la kushoto.

Niliona jeusi. Nilisimama.

"Mama, amekuwa na doa shavuni," Fundi Kavumbi akasema nyuma ya kamera.

"Piga," Jumwa akasema.

"Lakini mama, doa..."

"Piga!"

Na mimi ulimi wote huu nilionao, nilikaa kimya, maana mtoto wa miaka miwili akitulia humkatizi hata nyumba ikiungua. Taa ikamulika mara moja. Baya akashtuka, akaanguka kutoka kigodani juu ya mapaja ya mamake, na picha ikawa ni hiyo hiyo moja. Mbeyu akajifuta uso kwa leso yake ya mkononi, jasho na masizi pamoja, bila kutazama.

Sikumwambia. Nilijidanganya kwamba pengine taa zimelifuta. Lakini tulipofika nyumbani nilimvuta Jumwa jikoni.

"Tulikubaliana unyayoni!"

"Ya unyayoni ni ya jicho," akasema.

"Na ya shavuni ni ya nini?"

Akachukua kata, akaenda zake mtungini. Sikio la kufa halisikii dawa, nikasema peke yangu, nikaacha.

Picha ilikuwa bado haijatoka Mbeyu aliposhikwa na uchungu. Charo alimwita jirani mwenye gari, wakamkimbiza hospitali, sisi tukafuata kwa miguu na Baya mgongoni kwangu. Tulipofika tukaambiwa amekwisha ingizwa, ndugu wangoje. Tukaketi kwenye benchi. Charo alikuwa akisimama na kukaa, kusimama na kukaa. Jumwa alikuwa amelishika tumbo lake mwenyewe kwa mikono miwili, na rangi yake ilikuwa imebadilika kuwa ya jivu. Mimi nilikuwa nimesoma kila dua niijuayo na nilikuwa nazirudia.

"Twende tukaitazame picha," Jumwa akasema ghafla.

"Saa hii?"

"Siwezi kukaa hapa. Nilikaa ile mara ya kwanza."

Nikamwachia Charo mtoto, tukaenda. Bahati picha ilikuwa imetoka siku hiyo hiyo, Fundi Kavumbi akatutolea ndani ya bahasha. Ilikuwa nzuri, haki ya Mungu. Baya amelaza kichwa tumboni, midomo myekundu, mguu mmoja kiatu na mwingine hauna. Mbeyu ametazama mbele wima, buluu imemwagika mpaka miguuni, theluji nyuma yake. Na chini ya jicho la kushoto, jeusi, wazi, lile doa.

"Haya, furahi," nikamwambia Jumwa. "Mtoto ameomba kitu kimoja maishani, nawe umemharibia. Likitokea la kutokea, ndiyo sura aliyomwachia mwanawe."

Aliishika picha kwa pembe zake, akaketi pale pale kizingitini, watu wakimpita. Nilidhani ni majuto, nikanyamaza, nikamwinua.

Tuliporudi, Charo alikuwa mlangoni, analia na kucheka kwa pamoja, Baya amekaa mabegani mwake.

"Msichana, Bi! Wote wazima!"

"Alhamdulillahi! Alhamdulillahi!" Nilimkumbatia kuli wa watu mbele za watu, bila haya. Jumwa aliuegemea ukuta, akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo mkubwa.

Tuliporuhusiwa kuingia nilikuwa nimekwisha kwenda nyumbani na kurudi na uji wa pilipili manga. Mbeyu alikuwa amelala ubavu, uso umechoka, mtoto amefungwa kando yake. Kabla hata ya uji akauliza, "Picha imetoka?"

Jumwa akaitoa kwenye leso, akampa.

Alitabasamu kwanza. "Kiatu chake kiko wapi?" akauliza, akacheka, akajishika tumbo kwa maumivu. Kisha akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. "Na hiki nini shavuni mwangu?" Akalamba kidole gumba, akaanza kusugua.

Jumwa akamshika mkono.

"Usifute. Nyevu alikuwa na baka hapo. Chini ya jicho la kushoto, jeusi, dogo, kama punje ya mtama. Uliniuliza uso, nami sikujua kuusema. Ningeanza nikasema pua, nikasema macho, ungeona nini? Lakini kila nikikutazama na tumbo hilo, na Baya ubavuni, uso ulikuwa wake wote. Lilikosekana hilo tu. Nikalitia."

Mbeyu alimtazama mama yake mkubwa, akaitazama picha, akamtazama tena. Mimi nilikuwa namimina uji, nikaumwaga wote juu ya meza, na machozi yakinitoka sikuyafuta.

"Lilikuwa upande huu?" Mbeyu akauliza.

"Huo huo. Ukinyonya ulikuwa ukilidonoa kwa kidole. Akikuondoa mkono, warudisha. Akikuondoa, warudisha. Akacheka, akakuacha."

Mbeyu akakiweka kidole chake juu ya lile doa, taratibu, akakiacha hapo.